UZI: Kiti cha mtoto cha gari ndani ya ndege, kuanzia uwanja wa Songwe (Mbeya) na kuendelea

#1 KahawaYaMbozi

Habari wakuu. Maswali ya kiti cha mtoto kwenye ndege yamekuwa yakidondoshwa moja moja kwenye nyuzi za tiketi, yanajibiwa nusunusu, yanapotea. Nayakusanya hapa. Nazungumzia mtoto wa mwaka mmoja hadi minne hivi, yule anayekaa mwenyewe lakini ukimpa kisogo tu kashafika mlangoni kwa rubani. Na ili tusichanganyane: nikisema "siti" ni ya ndege, nikisema "kiti" ni cha mtoto.

Mambo makubwa ni matatu na yote yanaamuliwa nyumbani, kabla hujalipia tiketi: siti, lebo na njia ya mkanda. Bei ya kiti na uzuri wake vinakuja nyuma sana.

Siti kwanza. Kiti hakina pa kukaa ndani ya ndege kama hujalipia siti ya kukiweka. Mtoto chini ya miaka 2 anaruhusiwa kupakatwa, na kwa safari za kimataifa tiketi yake kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Tiketi hiyo inanunua magoti yako, hainunui siti. Ukitaka akae kwenye kiti chake, mkatie tiketi yenye siti. Mitandao mingi ya kukatia tiketi haikuruhusu kuchagua siti kwa mtoto wa chini ya miaka 2, hivyo inabidi upige simu au uende ofisini kwao. Akishatimiza miaka 2, siti ni lazima, na umri unahesabiwa kwa siku ya kila safari. Anayetimiza miaka 2 mkiwa huko mlikokwenda, kurudi anadaiwa siti.

Lebo. Kiti cha Marekani kinachofaa ndegeni kina maandishi mekundu ya Kiingereza yanayosema kimethibitishwa kwa matumizi ya magari na ndege. Tafuta neno AIRCRAFT pembeni au chini ya gamba, yaani plastiki ngumu ya kiti. Kiti cha Ulaya kina lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba. Kama ni kanuni ya usalama wa viti ya R44, namba ya uthibitisho inaanza na 03 au 04. Kanuni mpya ni R129. Baadhi vina pia lebo ya ziada ya TÜV, wakaguzi wa usalama wa Ujerumani, ya matumizi ya ndegeni, na hiyo ndiyo inayomaliza mabishano haraka kwenye makampuni ya Ulaya. Kiti kisicho na lebo ni godoro tu.

Njia ya mkanda. Mkanda wa siti ya ndege ni wa tumboni peke yake, hauna wa begani. Kiti kinachohitaji mkanda wa begani ndio kikae imara hakitafungika. Kiti kinachotegemea ISOFIX pekee, zile ndoano mbili za chuma, nacho hakitafungika, maana ndege haina ISOFIX. Busta, yaani kile cha kumnyanyua tu mtoto, hakiruhusiwi wakati wa kuruka na kutua. Angalia kitabu cha kiti: kama kuna mchoro unaoonyesha mkanda wa pointi mbili ukipita ndani yake, uko salama.

Karibuni muongeze.

#2 ParachichiRungwe

Mkuu shukrani, ndaga fijo. Swali: kiti kipana kiasi gani? Na kinawekwa siti ipi? Kuna mtu kaambiwa popote, mwingine kaambiwa nyuma kabisa.

#3 FundiMkanda

Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inasema kiti kisichozidi inchi 16, yaani kama sentimita 41, kitaingia kwenye siti nyingi. Nafasi kati ya viegemeo vya mikono siti za kawaida huwa kati ya inchi 16 na 18. Pima kiti sehemu yake pana kuliko zote, ambayo mara nyingi ni pale kwenye vishikio vya vikombe. Kama vishikio vinachomoka, vichomoe uviweke kwenye begi. Kiti cha inchi 17 chenye mabega mapana lakini kitako chembamba bado kinaweza kukaa ukinyanyua kiegemeo.

Dirishani. Si njia ya kati, maana kikikaa pale wa ndani hawezi kutoka. Safu ya mlango wa dharura hapana, na safu iliyo mbele yake au nyuma yake nayo hapana. Safu ya kwanza kabisa ina mtego: watu wanaikimbilia kwa sababu ya nafasi ya miguu, lakini meza zake zimo ndani ya viegemeo, kwa hiyo viegemeo havinyanyuki na siti inakuwa nyembamba. Siti zenye mkanda wa eabegi, ule mnene kama soseji, usifungie kiti, omba wakuhamishe. Ziko zaidi daraja la juu.

Kufunga sasa. Omba kupanda ndege mapema, maana kazi hii ukiifanya huku foleni ikikusukuma utaikosea. Nyanyua kiegemeo. Weka kiti, kitako kiguse nyuma ya siti. Kama mtoto anaangalia mbele, mkanda unapita kwenye tundu la nyuma ya mgongo wake. Kama anaangalia nyuma, unapita chini ya mapaja. Matundu hayo huwa na alama za rangi mbili tofauti ubavuni mwa kiti, na kosa kubwa kuliko yote ni kutumia tundu la upande usiohusika. Fungua kitambaa cha kiti upitishe mkanda ukiuona kwa macho, usipapase. Funga, weka goti ndani ya kiti ulale juu yake kwa uzito wako, vuta ncha ya mkanda mpaka mwisho. Kisha shika kiti pale mkanda unapopita ukitikise: kisicheze zaidi ya sentimita 2.5. Sehemu ya juu ya kiti itacheza zaidi, hiyo ni kawaida kwa sababu ndegeni hakuna pa kufunga ule mkanda wa juu wa kichwani. Ukunje uufiche.

Sasa kifungio. Cha ndege ni cha kunyanyua kibao, si cha kubonyeza kama cha gari. Ukifunga mtoto akiangalia mbele, kifungio kinaangukia katikati ya tundu, kwenye uti wa mgongo wake, na ukishakaza kibao hakina nafasi ya kunyanyuka. Mnatua, watu wanashuka, wewe unapambana na chuma. Dawa ni mbili. Kabla ya kufunga, kigeuze ili kibao kitazame siti ya ndege, kisimwelekee mtoto. Hakitamchoma na vidole vitapata pa kuingia. Au muombe mhudumu mkanda wa nyongeza. Unasogeza kifungio kikae ubavuni, nje ya tundu. Uwe wao, usije na wa kununua mtandaoni. Kufungua: rudisha goti kwenye kiti, bonyeza mkanda ulegee, ndipo unyanyue kibao.

#4 Kitonga_Dereva

Mnatuchosha bure. Songwe hadi Dar ni saa moja na kitu. Watoto wote tumewapakata na wamefika. Siti ya ziada ni hela ya mbolea mifuko kadhaa.

#5 ChaiYaMufindi

Kaka Kitonga, hoja ya hela ni ya kweli na hakuna anayeibeza. Hata FAA yenyewe inaruhusu kupakata, na sababu yake ndiyo hiyo hiyo: wakilazimisha siti, familia nyingi zitaacha ndege zipande magari, na barabara inaua zaidi ya anga. Kwa hiyo anayepakata hajavunja sheria.

Ila tusidanganyane kuhusu mikono. Mtoto wa kilo 12, ndege ikigonga na kusimama ghafla kwa nguvu ya mara 9 ya uzito, mikononi mwako anakuwa kilo 108. Hilo ni gunia la mahindi. Dereva wa Kitonga unajua gunia likichomoka kwenye keria linavyokwenda. Hakuna aliyewahi kulidaka. Siti za ndege za kisasa zenyewe zinajaribiwa kwa mara 16.

Mwaka 1989, Julai 19, ndege ya United namba 232 ilianguka Sioux City, Iowa, Marekani. Ndani kulikuwa na watoto wanne wasio na siti. Mmoja alifariki. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kuwalaza sakafuni kati ya miguu ya wazazi, na wakati wa kugonga hawakushikika. Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani ikapendekeza kila mtoto awe na kiti chake. FAA ikakataa kulazimisha kwa sababu niliyoitaja. Mpaka leo wanavutana.

Lakini ajali kubwa ni nadra. Kinachowarusha watoto mara nyingi zaidi ni mtikisiko. Msimu wetu wa mvua, Novemba mpaka Aprili, mawingu yanajipanga juu ya hii milima mchana, na ndege ndogo inayapita ikiwa chini kiasi. Mtoto aliyefungwa analia tu.

#6 Kitonga_Dereva

Hapo kwenye gunia umenibana. Basi anayepakata afanyeje?

#7 ChaiYaMufindi

Nje ya Marekani wahudumu wengi watakupa mkanda mdogo wenye kitanzi. Pitisha mkanda wako ndani ya kitanzi chake, jifunge wewe kwanza, ndipo umfunge mtoto akiwa amekaa juu ya mapaja anaangalia mbele. Unamzuia asiruke juu kwenye mtikisiko. Kwenye mgongano haumsaidii kama kiti, kwa sababu mwili wako unamkunjikia. Ndiyo maana kwenye ndege za Marekani haukubaliki kabisa.

Usichofanya: kumweka mtoto ndani ya mkanda wako mwenyewe, mmoja kwa wawili. Wewe unageuka kuwa uzito unaombana tumboni. Kumfunga kwa kitenge kifuani nako hakuhesabiki wakati wa kuruka na kutua. Mhudumu atakwambia ufungue na yuko sahihi.

#8 UkunguSongwe

Nijazie upande wa ndege zenyewe. Safari za Songwe utakutana na Dash 8-400 (siti 2 kwa 2, jumla 76), ATR (2 kwa 2) au Airbus A220-300 (2 upande mmoja, 3 upande wa pili, jumla 132). Kwenye A220 kiti kinakaa bila ugomvi. Kwenye zenye panga boi, siti ni kama inchi 17, njia ya kati nyembamba, na sehemu ya mizigo juu ya kichwa ni ndogo. Usijidanganye kwamba kiti kikikataa siti utakiweka juu. Hakiingii.

Ngazi ya Dash 8 imo kwenye mlango wenyewe na ni nyembamba. Mtoto apande na mtu mmoja, kiti na mwingine. Ndani, beba kiti mbele yako, juu ya usawa wa viegemeo. Ukikiburuta ubavuni utampiga kila aliyekaa njia ya kati kuanzia safu ya kwanza mpaka yako. ATR abiria mnapandia mlango wa nyuma, kwa hiyo ukipewa safu ya mbele ndiyo unavuka ndege nzima na mzigo huo. Omba safu ya nyuma.

Kiti cha kuangalia nyuma kwenye ndege hizi ni shida ya urefu, si upana. Kinasukuma siti ya mbele na aliyekaa pale hawezi kulaza. Usibishane naye angani, mwambie mapema kwa adabu au mkalishe mwenzako pale. Mtoto aliyefikisha uzito wa chini wa kuangalia mbele kwa mujibu wa kitabu cha kiti unaweza kumgeuza kwa safari ya ndege tu, halafu akirudi kwenye gari anaangalia tena nyuma. Viti vya R129 haviruhusu kuangalia mbele kabla ya miezi 15.

Jambo la Songwe penyewe: ukungu na mawingu ya chini. Ndege inaweza kuchelewa au kugeuziwa uwanja mwingine, na mwisho wake mnaweza kumaliza safari kwa barabara usiku. Kiti kilichokwenda na mzigo mwingine hakikusaidii hapo.

#9 MamaPachaMakambako

Wapendwa, vipi huo mkanda wa CARES? Unatangazwa sana. Na mwenye wawili chini ya miaka 2 akisafiri peke yake?

#10 FundiMkanda

Dada, wawili na mtu mzima mmoja: mmoja anapakatwa, wa pili lazima awe na siti na kiti kilichothibitishwa. Mikono miwili haigawanyiki. Uliza kampuni kabla, nyingine zinataka mtu mzima wa pili.

CARES ni mikanda ya begani inayofungwa kuzunguka mgongo wa siti ya ndege, chini ya meza ya aliyekaa nyuma, halafu inaungana na mkanda wa tumboni. FAA iliukubali mwaka 2006. Ni wa mtoto wa kilo 10 mpaka 20, urefu usiozidi mita 1, anayeangalia mbele kwenye siti yake mwenyewe. Uzito wake ni kama nusu kilo, unaingia kwenye mkoba wa nepi. Kasoro zake: mtoto mwembamba huteleza chini mpaka mkanda wa tumboni unapanda juu, kwa hiyo ukaze wa tumboni kwanza uguse mapaja, ndipo wa begani. Na haufanyi kazi kwenye gari. Ukishatua Songwe ni kamba tu.

Hapo ndipo hesabu ya mtu wa Mbeya inapotofautiana na ya mtu wa London. Ukitoka uwanjani una kilomita ishirini na kitu za barabara ya TANZAM, Mbalizi, Iwambi, na malori ya Tunduma mbele na nyuma. Wa Tukuyu au Kyela ndiyo kwanza anaanza. Anayenunua CARES peke yake kaulinda usalama pale ulipokuwa mkubwa tayari.

#11 MsafiriNduli

Nakazia hapo kwa FundiMkanda, na niongeze la magari, maana watu wanaleta viti kutoka Marekani halafu havishiki.

Viti vya Marekani vimetengenezwa vikitegemea mkanda wa gari unaojifunga ukiuvuta wote mpaka mwisho. Noah, IST, Alphard na ndugu zake zilizotoka Japani, mikanda ya baadhi yake haijifungi hivyo. Inashika tu gari likifunga breki. Ukikaza kiti, baada ya kona mbili kimelegea. Dawa ni klipu ya chuma yenye umbo la H. Unapitisha mkanda wa tumboni na wa begani kwa pamoja ndani yake, sentimita 2.5 kutoka kwenye ulimi wa chuma, wa tumboni ukiwa umekazwa. Viti vingi vya Ulaya vina kibano chake chenyewe cha plastiki kwenye tundu la mkanda; kibane, usikiruke.

Kwenye ISOFIX, usibahatishe. Baadhi ya gari za Japani za kabla ya 2012 hazina. Ingiza vidole kati ya mgongo na kitako cha siti ya nyuma. Ukigusa vyuma viwili vya mviringo, unayo. Ni kazi ya nusu dakika.

Habari njema ni hii: gari nyingi za zamani zina mkanda wa tumboni tu katikati ya siti ya nyuma, na watu wanaudharau. Kwa kiti chenye mikanda yake mitano ya ndani, kilichoruhusiwa kufungwa kwa mkanda wa tumboni, huo unatosha, maana ndio mkanda wa ndege ule ule. Kiti kinachofungika ndegeni kitafungika pale katikati. Busta pale hapana. Na Coaster isiyo na mkanda hata mmoja, kiti chako ni mzigo tu.

#12 ParachichiRungwe

Na vile vya mtumba? Mwanjelwa na Sido havikosekani, vingine vizuri kabisa.

#13 FundiMkanda

Vizuri kwa macho. Geuza kiti chini juu, utaona tarehe ya kutengenezwa imechongwa kwenye plastiki. Muda wake huwa kati ya miaka 6 na 10 kutegemea mtengenezaji, na vya Marekani mara nyingi vimeandikwa mwaka wa mwisho. Kilichoisha, achana nacho. Kisha angalia gamba kwenye kona na kuzunguka tundu za mikanda: plastiki ikiwa na mistari myeupe kama iliyokunjwa, ilishapigwa. Vua kitambaa uone povu gumu jeupe la ndani. Likiwa na ufa, basi. Funga kifungio, usikie mlio, vuta kwa nguvu mara kadhaa. Mikanda ikiwa migumu au imepauka, kuna uwezekano ilifuliwa na jiki, nayo inaua nyuzi. Ya kwako ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, basi.

Kinachokosekana kwenye mtumba ni historia. Kiti kilichopata ajali kinaweza kuonekana kizima. Muuzaji wa mnadani hajui, na ukimuuliza atakwambia hakijawahi kutumika.

Vile vya kitambaa vinavyokunjwa kama begi la shule, havina gamba wala lebo, vinauzwa bei ndogo mitandaoni: si kiti cha gari wala cha ndege.

#14 ChaiYaMufindi

Kuna jambo la huku kwetu ambalo miongozo ya kigeni inaligusa juu juu: baridi. Juni na Julai mtoto wa Makete, Njombe au Uyole anafika uwanjani na sweta mbili na jaketi la sufi. Ukimfunga mikanda ya kiti juu ya jaketi, unakaza hewa. Jaribu: mfunge na jaketi mpaka ikaze, mfungue bila kulegeza, mvue jaketi, mfunge tena. Utaona nafasi ya kuingiza ngumi. Kwa hiyo jaketi linavuliwa, mikanda inakazwa juu ya nguo nyepesi mpaka vidole visiweze kubana mkunjo begani, kisha blanketi au kitenge kinawekwa juu ya mikanda. Mikanda ya begani ianzie usawa wa mabega au juu kidogo kwa anayeangalia mbele. Usawa wa mabega au chini kidogo kwa anayeangalia nyuma. Kama kiti kina klipu ya kifuani, ikae usawa wa kwapa. Ikiwa tumboni imekosewa.

Masikio: kushuka ndiko kunakouma kuliko kupanda, na kunaanza mapema, kama dakika 20 hadi 30 kabla ya kutua. Mwamshe wakati huo, mpe chupa au kikombe chenye maji anyonye taratibu. Chupa ya mrija iliyojaa mnapopanda, ukiifungua mkiwa juu inarusha juisi, hewa ya ndani imetanuka. Ifungue kifuniko kwanza ipumue, juu ya kitambaa. Anayenyonya titi, mnyonyeshe kabla ya taa ya mikanda kuwaka. Ikishawaka anabaki kwenye kiti.

#15 KahawaYaMbozi

Asanteni wakuu, uzi umeshiba. Namalizia vitu vilivyobaki.

Barua pepe. Iandikie kampuni ya ndege ukitaja modeli ya kiti, upana, namba ya lebo na namba ya tiketi, uliza kama kinakubalika. Jibu lichapishe karatasi, usitegemee simu yenye chaji ya asilimia 3. Kama safari ina ndege mbili, kanuni zinazohesabika ni za kampuni inayoendesha kila ndege, si ya iliyokuuzia tiketi. Uliza zote mbili. Kwenye ndege za Marekani, ukiwa na siti iliyolipiwa na kiti chenye lebo kinachoenea, hawaruhusiwi kukikataza. Kwingine maneno ni ya kampuni.

Ukaguzi. Kiti kinapita kwenye mashine ya eksirei, kwa hiyo mtoto lazima atoke. Kisipoenea kinakaguliwa kwa mkono. Ongeza dakika kumi na tano. Kukivuta uwanjani, pitisha mkanda wake wa chini kwenye mpini wa begi la magurudumu ukaze, kinakuwa kama mkokoteni.

Kukipeleka mzigoni. Wanaompakata mtoto mara nyingi hufanya hivi, na makampuni mengi hayakitozi. Tatizo ni mirusho ya mabegi. Kitie kwenye boksi au mfuko mnene, jaza nepi na nguo kwenye kona na chini ya kichwa, piga picha pande zote kabla ya kukiachia. Kukiacha mlangoni pa ndege ni nafuu kuliko kaunta, kinashikwa na watu wachache. Kikitoka, kagua gamba na povu kama FundiMkanda alivyoeleza, hapo hapo ukumbini, kabla hujatoka nje. Ukishapita mlango madai yanakuwa magumu.

Kiti kitupu ndani ya ndege nacho kinafungwa. Mtoto akihamia mapajani katikati ya safari, acha mkanda wa siti umekazwa vile vile.

#16 MamaPachaMakambako

Swali la mwisho, samahani. Mtoto anapiga mateke siti ya mbele mwanzo mwisho. Kuna namna?

#17 UkunguSongwe

Dada, kiti kinamsogeza mbele na juu, miguu inafika moja kwa moja mgongoni kwa mtu. Mvue viatu mkishafunga mlango wa ndege. Teke la soksi halisikiki sana. Meza ya siti yake usiifungue, atakanyagia. Na usimkalishe mwenzako pembeni tu, mkalishe mbele ya mtoto, ale mateke ya nyumbani.

Mkitua, kaeni. Acha njia ya kati iishe watu, fungua kiti kwanza mtoto akiwa bado ndani yake amefungwa mikanda yake, kisha mtoe yeye, kisha kiti. Ukianza na mtoto atakimbia na wewe goti liko kwenye kiti. Nje, mwambie dereva afungue mlango wa nyuma kushoto kabla hajapanga mabegi, huo ndio upande wa pembezoni mwa barabara, na kiti kifungwe huku gari limesimama mahali tambarare.